Sola inazima saa tatu usiku na betri inakufa mapema: mwongozo kamili wa kufunga mfumo mdogo wa nyumbani

Maswali ninayoletewa kuhusu sola ya nyumbani karibu yote ni yale yale. Betri mpya kabisa, miezi michache tu haishiki chaji. Paneli ipo juu ya bati inang'aa ila taa zinafifia kabla watu hawajalala. Inveta inapiga piii kila TV ikiwashwa. Na wengi wameshabadilisha betri, tatizo likarudi vilevile, manake betri haikuwa mbovu, ilikuwa inauawa taratibu na jinsi mfumo ulivyofungwa.

Kwaiyo hapa tunafunga mmoja kuanzia mwanzo. Ni mfumo wa volti 12, wa taa, TV, simu na ruta. Sio wa pasi, sio wa jagi la kuchemshia maji, na friji tutaigusa kidogo tu. Soma yote mpaka mwisho kabla hujashika bisibisi, na usinunue chochote kabla ya hatua ya 2.

## Vitu vya kuwa navyo

- Paneli ya sola
- Kontrola ya chaji (ile inayokaa kati ya paneli na betri)
- Betri ya sola, sio betri ya gari
- Inveta ya wimbi safi (inageuza umeme wa betri kuwa wa volti 230 kama wa ukutani)
- Waya za shaba: milimita za mraba 6 kwa paneli, 10 kutoka kontrola kwenda betri, 16 kutoka betri kwenda inveta
- Fyuzi za DC (umeme wa aina ya betri na paneli, sio wa ukutani) na vishikio vyake, moja ya ampia 40, moja ya ampia 60, na ndogo ya ampia 5 ya taa
- Maltimita (kifaa cha kupimia volti), hata ya kawaida kabisa
- Spana, bisibisi, koleo, tepu ya umeme, kalamu na karatasi
- Glavu na miwani ya kukinga macho, na kama betri ni ya maji weka ndoo ya maji safi karibu

Maltimita sio ya kuruka. Bila hiyo utakua unakisia tu, na sehemu kubwa ya matatizo ya sola yanaonekana kwenye maltimita kabla hayajaonekana kwenye taa.

## Hatua ya 1: Andika unachotumia, kifaa kimoja kimoja

Chukua karatasi. Kila kifaa andika wati zake (ziko kwenye kibandiko nyuma au kwenye adapta) alafu zidisha kwa masaa unayokitumia kwa siku. Jibu ni wati-saa.

Mfano wa nyumba moja:

- Taa 4 za LED za wati 7, masaa 5: 140
- TV pamoja na king'amuzi, wati 50, masaa 4: 200
- Simu 3, kila moja kama wati-saa 20 kujaa: 60
- Ruta wati 10, masaa 10: 100

Jumla ni wati-saa 500 kwa siku. Namba hii ndo msingi wa kila kitu kinachofuata, ukiidanganya itakulipa usiku.

Sasa angalia pasi. Pasi ya wati 1000 ukiitumia nusu saa tu, umekula wati-saa 500. Yaani matumizi ya nyumba nzima ya siku nzima yameenda kwenye nguo. Ndo maana kifaa chochote kinachotengeneza joto hakiingii kwenye mfumo huu, hata kama inveta imeandikwa inabeba wati 2000. Inveta haizalishi umeme, inaubadilisha tu ule uliopo kwenye betri.

Na kuna mlaji mwingine ambaye hakuna anayemwandika: inveta yenyewe. Ikiwa imewashwa tu bila kazi inaweza kula wati 10, wakati mwingine zaidi. Zidisha kwa masaa 24 unapata 240, karibu nusu ya bajeti yetu yote imepotea bila taa hata moja kuwaka! Izime ukimaliza TV. Bora zaidi, taa nunua za DC za volti 12 uzitoe moja kwa moja kwenye kontrola, zisipite kwenye inveta kabisa.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya betri, paneli na kontrola

Betri. Inveta na waya vinakula kama asilimia 15, kwaiyo ili upate 500 betri lazima itoe karibu 600.

Hapa ndo pa kuelewa vizuri. Betri ya risasi, iwe ya maji au kavu, haitakiwi ishuke chini ya nusu kila siku. Ikishushwa mpaka chini na kuachwa hivo, salfeti inajenga kwenye sahani zake, inagandia, na uwezo unapungua bila kurudi. Kwaiyo ili utumie 600 unahitaji betri yenye 1200. Gawa kwa volti 12, unapata ampia-saa 100, ndo kipimo cha ukubwa wa betri. Hiyo ni ya usiku mmoja tu. Ukitaka ikuvushe na siku ya mawingu, nenda 200.

Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 unaweza kuitumia mpaka asilimia 80 bila kuiumiza. 600 gawa kwa 0.8 ni 750, gawa kwa volti 12.8 ni kama ampia-saa 60. Ukichukua ya 100 una akiba nzuri. Mimi kama mfuko unaruhusu nashauri lithiamu, inavumilia mizunguko mingi zaidi na haiongezwi maji.

Betri ya gari iache kwenye gari. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache injini iwake, sahani zake ni nyembamba, ukiishusha kila usiku inakufa haraka sana.

Paneli. Betri ya risasi inapoteza umeme wakati wa kuchaji, kwaiyo kurudisha 600 paneli itoe kama 750. Tuseme mahali pako, kwenye miezi yenye jua dogo, unapata masaa 4 ya jua kali. Na paneli haitoi kile kilichoandikwa. Wati za kwenye lebo zimepimwa kiwandani kwa mwanga wa wati 1000 kwa mita ya mraba, seli (vile vipande vidogo vinavyounda paneli) zikiwa nyuzi 25 tu, wakati juu ya bati mchana seli zinafika nyuzi 60 na kila nyuzi inayozidi 25 inakata kama asilimia 0.4. Ongeza vumbi na waya. Chukulia unapata robo tatu.

750 gawa kwa 4, gawa kwa 0.75, ni wati 250. Hiyo ndo paneli yako.

Kontrola. Wati 250 gawa kwa volti 12 ni ampia 21, ongeza robo ya usalama unapata 26. Nunua ya ampia 30.

Umefaulu hatua hii kama una namba tatu kwenye karatasi: ampia-saa za betri, wati za paneli, ampia za kontrola. Kama muuzaji anakushawishi ubadilishe moja, rudi kwenye karatasi upige upya, usikubali kwa mdomo.

## Hatua ya 3: Soma lebo ya paneli kabla hujalipa

Hii nimeipa hatua yake peke yake kwa sababu inawaponza watu wengi mno, na hawajui kama wameponzeka.

Geuza paneli, nyuma kuna kibandiko. Tafuta Vmp, ndo volti za paneli ikiwa kazini, na Voc, volti zake ikiwa haijaunganishwa na kitu.

Paneli ya seli 36 ina Vmp ya kama 18. Hiyo inaenda vizuri na kontrola ya kawaida, ya PWM. Paneli ya seli 60 ina Vmp ya 30 hivi. Ukiifunga hii kwenye betri ya volti 12 kwa kontrola ya PWM, kontrola inaiburuza paneli ishuke mpaka volti za betri. Chukua paneli ya wati 250 yenye volti 30 na ampia 8.3. Kwenye betri ya volti 13 unapata 13 mara 8.3, ni wati 108. Zaidi ya nusu ya paneli uliyolipia imepotea, na hakuna taa nyekundu itakayokwambia, kila kitu kinaonekana kinafanya kazi, ila betri haijai milele.

Dawa ni kontrola ya MPPT, inabadilisha zile volti za ziada kuwa ampia. Ila hakikisha Voc ya paneli iko chini ya kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye kontrola, na uache nafasi, sababu asubuhi ya baridi Voc inapanda. Ikizidi, kontrola inaungua.

Kuna kontrola zimeandikwa MPPT kwa nje na ndani ni PWM. Nyepesi sana, ndogo, za bei ya kutupa. Kontrola ya kweli ya MPPT ina koili ndani na kipande cha chuma cha kupoza joto, ukiishika unasikia uzito.

## Hatua ya 4: Funga paneli

Ukiwa kaskazini mwa Ikweta paneli itazame kusini, ukiwa kusini itazame kaskazini. Mwinamo uwe karibu sawa na latitudo ya mahali ulipo, na kama uko karibu na Ikweta usiilaze kabisa, iache na nyuzi 10 hadi 15 mvua iweze kuosha vumbi.

Acha uwazi wa sentimita 10 au zaidi kati ya paneli na bati hewa ipite.

Kivuli ni adui. Seli zimeungwa kwa mfuatano, kivuli cha tawi moja au cha antena kinaweza kuzima theluthi ya paneli nzima. Kabla hujatoboa, angalia kivuli asubuhi, mchana na jioni, sio ile saa uliyopanda tu.

Onyo: paneli ikiona mwanga tayari ina umeme, haina swichi. Ifunike na blanketi au boksi wakati unaunga waya. Na usipande juu peke yako wala bati likiwa limelowa.

## Hatua ya 5: Waya na fyuzi

Volti 12 ni ndogo ila ampia ni nyingi, na ampia nyingi kwenye waya mwembamba ni hasara na joto. Mfano: paneli yetu ya volti 18 inatoa ampia 14 hivi, waya una urefu wa mita 10. Ukitumia waya wa 2.5 unapoteza karibu volti 2 njiani, ambayo ni wati 27. Ukitumia wa 6 unapoteza volti 0.8, wati 11. Tofauti ni wati 16, kila saa ya jua, miaka yote.

Kontrola na inveta ziwe karibu na betri kadri inavyowezekana, mita moja na nusu isizidi.

Fyuzi ya ampia 40 inakaa kwenye waya chanya kati ya betri na kontrola. Ya ampia 60 inakaa kwenye waya chanya kati ya betri na inveta, hiyo ni kwa inveta ya wati 500. Zote mbili ziwe karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 20. Sababu ni kwamba fyuzi inalinda waya ulioko mbele yake tu. Ukiiweka mwishoni kwenye inveta, waya wote kutoka betri mpaka hapo hauna ulinzi, panya akiutafuna moto unaanzia hapo.

Zile taa zinazotoka kwenye kontrola nazo waya wao uwe na fyuzi ndogo, ampia 5 inatosha.

Zisiwe fyuzi wala swichi za umeme wa kawaida wa ukutani. Umeme wa AC unapita sifuri mara 100 kwa sekunde kwaiyo cheche inajizima yenyewe, wa DC haupiti sifuri kabisa, cheche inaendelea kuwaka na kuyeyusha swichi.

## Hatua ya 6: Unganisha kwa mpangilio huu tu

Vua pete, saa na cheni. Spana ikigusa chanya na hasi kwa pamoja inawaka nyekundu mkononi.

1. Zima inveta, toa fyuzi zote.
2. Unganisha betri kwenye kontrola, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Pima na maltimita kwanza, usiamini rangi za waya peke yake.
3. Weka fyuzi ya ampia 40. Kontrola inawaka na kuonyesha volti za betri. Ndo hapo inatambua kama mfumo ni wa 12 au 24.
4. Pima paneli. Ikiwa ya seli 36, kwenye jua inasoma kama volti 21 au 22. Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba, waya umegeuza. Alafu unganisha kwenye kontrola.
5. Unganisha taa za DC kwenye sehemu ya taa ya kontrola.
6. Unganisha inveta moja kwa moja kwenye betri. Sio kwenye sehemu ya taa ya kontrola, pale panabeba ampia chache na pataungua. Weka fyuzi ya ampia 60, cheche ndogo ni kawaida.

Kwanini betri kwanza? Ukianza na paneli, kontrola inapata volti za juu bila mahali pa kuzipeleka, nyingi zinaungua hapo hapo. Ukija kufungua, rudi kinyume: inveta na taa, paneli, betri mwisho.

Upande wa inveta unaotoka ni umeme wa 230, unaua kama wa gridi. Na usiunge inveta kwenye nyaya za nyumba ambazo tayari zina umeme wa gridi, hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni.

## Hatua ya 7: Seti namba za kuzimia, hapa ndo betri zinapofia

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii. Inveta nyingi zinajizima betri ikifika volti 10.5 au 11. Watu wanadhani hiyo ni kulinda betri. Hapana, inajilinda yenyewe. Betri ya risasi ikiwa imetulia hali yake ni hivi:

- 12.7: imejaa
- 12.4: robo tatu
- 12.2: nusu
- 12.0: karibu robo
- 11.9 kushuka chini: imeisha

Kwaiyo inveta inapopiga kelele kwenye 11, betri ilishapita nusu zamani sana. Na ukiizoesha hivo kila usiku ndo zile betri za miezi michache.

Ingia kwenye menyu ya kontrola, sehemu ya kuzima taa weka volti 11.8 mpaka 12.0 (betri ikiwa kazini inasoma chini kidogo kuliko ikiwa imetulia). Kama inveta yako inakubali kusetiwa, weka hivohivo. Kama haikubali, nunua kifaa kidogo cha kukata umeme volti zikishuka, kikae kati ya betri na inveta, na hakikisha kinabeba ampia zote za inveta.

Chagua na aina ya betri. Ya risasi inachajiwa mpaka kama volti 14.4 alafu inashikiliwa kwenye 13.6 hivi. LiFePO4 isizidi 14.6, na ile modi ya kusawazisha chaji (equalize) izime kabisa. Kontrola ikiwa haina chaguo la lithiamu wala ya kuweka namba mwenyewe, usiitumie na lithiamu. Na kwa lithiamu usitegemee volti kujua imebaki kiasi gani, inakaa 13.2 muda mrefu alafu inadondoka ghafla, inataka mita ya kuhesabu ampia zinazoingia na kutoka.

Betri iweke ndani, kivulini, penye hewa. Ya risasi ikikaa kwenye joto la nyuzi 35 badala ya 25, maisha yake yanapungua karibu nusu. Na ya maji ikichaji inatoa gesi ya haidrojeni, usilale nayo chumba kilichofungwa wala usiwashe kiberiti karibu.

## Hatua ya 8: Pima siku nzima

Siku ya jua, usitumie kitu mchana. Volti zipande zenyewe kutoka 12 na kitu mpaka 14 na kitu. Wakati inachaji kwa nguvu, pima kwenye betri yenyewe, alafu pima kwenye kontrola sehemu ya betri. Tofauti ikizidi 0.2 au 0.3 kuna skrubu imelegea au waya mwembamba.

Usiku tumia kama kawaida. TV ikiwa imewaka nusu saa, gusa waya kwa nje na vishikio vya fyuzi. Uvuguvugu sawa, moto sio sawa, kaza.

Asubuhi kabla jua halijatoka zima kila kitu, subiri nusu saa, pima. Kwa betri ya risasi ukisoma 12.2 au zaidi, mfumo umekaa vizuri.

## Ikigoma

Asubuhi inasoma chini ya 12.2 kila siku. Unatumia kuliko ulivyoandika, rudi hatua ya 1. Usikimbilie kununua betri nyingine, sababu betri ya pili bila paneli ya kuijaza ni betri mbili zenye njaa.

Haifiki 14 hata siku ya jua kali. Kivuli, vumbi, au ule ugonjwa wa hatua ya 3.

Inafika 14 haraka sana asubuhi alafu usiku inaisha haraka. Betri imeshachoka, uwezo wake umebaki kidogo. Hiyo sasa ndo ya kubadilisha, na usiiunge sambamba na mpya, ya zamani itaivuta mpya chini.

Friji ndogo inawaka na kuzima. Kompresa ikianza inavuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida kwa sekunde chache, inveta ya 500 haiwezi. Friji inataka hesabu yake upya kabisa, betri, paneli na inveta.

Betri ya maji inapungua maji. Ongeza maji yaliyosafishwa ya betri, yale yasiyo na tindikali, baada ya kuchaji na sio kabla, mpaka juu kidogo ya sahani. Angalia kila mwezi, na siku hiyohiyo futa paneli kwa maji na kitambaa laini asubuhi kabla kioo hakijapata moto.